Bustani ya Nek Chand: Majibu kwa Wasomaji Wetu

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja ya Bustani ya Miamba iliyoko Chandigarh, kaskazini mwa India. Ilionyesha safu za sanamu za watu wamesimama bega kwa bega kwenye mteremko, miili yao imevikwa vigae vya vikombe na bangili zilizovunjika. Chini ya picha tuliandika kwamba aliyezitengeneza hakuwahi kusomea sanaa, na kwamba kwa miaka 18 aliifanya kazi hiyo kwa siri. Barua mlizotuletea zimetuonyesha kwamba maelezo hayo yalikuwa mafupi mno kwa jambo lenye uzito kama hili, na tunakiri kwamba mlikuwa na haki ya kudai zaidi. Kwa sababu hiyo tumeutoa ukurasa mzima wa safari hii kwa bustani hiyo peke yake.

Ndugu Mhariri, nimeitazama picha yenu mara nyingi, lakini jambo moja limenishinda kuliamini. Mtu mmoja anawezaje kuficha bustani nzima, tena karibu na mji mkuu wa jimbo, kwa miaka 18 bila kugunduliwa? Na huyo mtu alikuwa nani hasa? — Msomaji wenu wa siku nyingi

Ndugu msomaji, jina lake ni Nek Chand Saini, na ili kuelewa alivyoificha bustani yake ni lazima kwanza tujue alifikaje mahali hapo. Alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Berian Kalan, kwenye familia ya wakulima. Mwaka 1947, India ilipopata uhuru na papo hapo kugawanywa, kijiji hicho kilijikuta upande wa Pakistan, na familia yake, kwa kuwa walikuwa Wahindu, wakalazimika kuacha mashamba na nyumba na kuvuka mpaka pamoja na mamilioni ya watu wengine waliokuwa wakihama huku na huku. Nek Chand alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kijiji chake hakikuwa tena mahali pa kurudi.

Mgawanyo huohuo ndio uliozaa mji wa Chandigarh. Jimbo la Punjab lilikuwa limepoteza mji wake mkuu, Lahore, uliobaki Pakistan, na serikali ya India ikaamua kujenga mji mpya kabisa chini ya milima ya Shivalik. Kazi ya kuuchora ikamfikia msanifu mashuhuri Le Corbusier, ambaye aliugawa katika mitaa ya mraba yenye barabara zilizonyooka na majengo makubwa ya zege tupu. Vijiji vilivyokuwapo kwenye ardhi hiyo vikaondolewa. Nek Chand alipata ajira mjini hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mkaguzi wa barabara katika idara ya ujenzi. Kwa hiyo mtu aliyepoteza kijiji chake akawa mtumishi wa mji uliosimama juu ya vijiji vya watu wengine, na kila siku alipita kwenye vifusi vyake: milango, sinki, vyungu, swichi za umeme, vigae vya sahani, fremu za baiskeli zilizopinda.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 alianza kuviokota. Aliokota pia mawe, hasa yale yaliyosuguliwa na maji ya mito ya msimu hadi yakawa na sura za ndege, za wanyama au za watu walioinama, akayabeba kwa baiskeli. Akavipeleka vyote kwenye korongo lenye msitu, kaskazini mwa mji, karibu na ziwa Sukhna. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Eneo hilo lilikuwa limetengwa katika ramani ya mji kuwa ardhi ya hifadhi ambayo haikuruhusiwa kujengwa chochote. Kwa kuwa hapakuruhusiwa kujengwa, hakuna mpimaji, mkandarasi wala mkaguzi aliyekuwa na sababu ya kuingia humo. Yeye aliingia baada ya saa za kazi, akasafisha kiwanja kidogo kichakani, akapanga mawe yake, akaanza kufinyanga saruji, na mara nyingi aliendelea hadi usiku. Sheria iliyokataza ujenzi ndiyo iliyokuwa pazia lake.

Maofisa walipoigundua bustani hiyo katikati ya miaka ya 1970, walikuta imekwisha kuenea kwenye ekari zipatazo 12: nyua zinazofuatana, njia zinazopinda, na mamia ya sanamu za wacheza ngoma, wapiga ala na wanyama. Kisheria yote yalistahili kubomolewa. Lakini habari zilienea mjini, watu wakaanza kumiminika kwenda kutazama, na wakubwa wa mji wakaona ni heri kuilinda kuliko kuibomoa. Mwaka 1976 ilifunguliwa rasmi kwa umma. Nek Chand aliondolewa kwenye kazi ya barabara, akapewa cheo cha mhandisi wa bustani hiyo, mshahara, na vibarua 50 wa kumsaidia. Tangu hapo imekua hadi kufikia ekari zipatazo 40, ikiwa na maporomoko ya maji, madaraja na viwanja vya bembea. Mwaka 1984 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Alifariki tarehe 12 Juni 2015, akiwa na umri wa miaka 90.

Mhariri, salaam. Mimi ni mwashi, na saruji naijua. Sanamu nyembamba kama zile, zenye miguu myembamba hivyo, zingepaswa kupasuka zamani. Ndani yake kuna nini? Na ule mng'ao unatoka wapi, ni rangi? — Fundi wa mwiko

Fundi, swali lako ndilo lililotufurahisha kuliko yote, kwa sababu umeiona picha kwa jicho la mtu anayejua uzito wa ndoo ya mota. Ndani yake kuna baiskeli. Foki ya baiskeli kuukuu, ukiigeuza ikasimama, tayari ina miguu miwili na shingo, na Nek Chand aliliona hilo. Fremu ikawa kiwiliwili cha mnyama, foki zikawa miguu, na siti ikawa kichwa. Chuma cha baiskeli ni cha bomba, chepesi na kigumu, tena kimekwisha kupindwa na kuchomelewa kiwandani, hivyo kazi ambayo wewe ungeifanya kwa nondo, koleo na jasho jingi, kwake ilikuwa nusu imekwisha kabla hajaanza.

Juu ya kiunzi hicho alijaza mota ya saruji na mchanga hadi umbo likanenepa kiasi alichotaka. Kisha akapaka koti la mwisho la saruji tupu, lile tunaloliita niru, akalisugua hadi likalainika, na kabla halijashika akalibandika vigae. Hapa ndipo kazi yake inapostahili kutazamwa kwa ukaribu. Mtazame mmoja wa wanawake wake waliovikwa bangili. Vipande vya bangili ni vya kioo, na kila kimoja ni upinde mfupi, kwa sababu bangili ni duara na ikivunjika hubaki pinde. Kipande kimoja hakina maana yoyote. Lakini vikipangwa mamia kwa mamia, vyote vikielekezwa upande mmoja, pinde hizo hufuatana kama mikunjo ya nguo, na kwa mbali utadhani sketi inapeperushwa na upepo. Hakuna aliyeichora mikunjo hiyo, ilikuwamo tayari ndani ya umbo la bangili.

Na hapana, ule mng'ao haukutokana na rangi ya kupaka. Kijani, nyekundu na buluu unazoziona ni rangi za kioo chenyewe na za kauri iliyochomwa kwenye tanuri, ndiyo maana jua la kiangazi cha kaskazini mwa India, ambalo ni kali sana, halikuweza kuzififisha. Sanamu nyingine amezivika mavi ya chuma kutoka viwanda vya kuyeyushia, mabonge meusi yenye matundu, na hizo hazing'ai hata kidogo. Zimekaa kama watu waliotoka kwenye moto. Kwa maoni yetu hizo zina nguvu kuliko zile zinazometameta, ingawa wapiga picha wengi huzipita.

Kuhusu kuta, utapenda kujua kwamba hakuzijenga kwa namna moja. Pengine alitumia mapipa matupu, pengine taa kuukuu za tyubu, pengine soketi na vifaa vya kauri vya umeme vilivyopangwa safu juu ya safu. Sehemu nyingine uso wa zege una alama za nyuzi za gunia kabisa, kana kwamba ukuta wenyewe umefumwa.

Kuna jambo moja zaidi tulitaje kwa fundi. Yale mawe aliyoyaokota mitoni hakuyachonga. Aliyasimamisha tu, akayachagulia mahali na jirani. Mtu mwenye mikono stadi kama yake angeweza kuongeza jicho hapa na mdomo pale, na kwa kujizuia huko alionyesha nidhamu ambayo si kila aliyesoma sanaa anayo.

Mwanangu mhariri, mimi ni mtu mzima na nina ua mdogo nyuma ya nyumba. Kwa miaka mingi nimeweka vipande vya sahani zangu zilizovunjika kwa sababu sikuwa na moyo wa kuvitupa. Sasa nimepata hamu. Nianzeje, na nijihadhari na nini? — Mama mwenye kapu la vigae

Shikamoo mama. Hukukosea kuviweka. Anza na kitu kidogo ambacho hata kikiharibika hakitakuumiza moyo, kama chungu cha maua au ukingo mfupi wa kitalu, wala usianze na sanamu ya mtu. Mwili wa sanamu hudai kiunzi, na kiunzi ni somo la pili.

Mwaga vigae vyote chini, uvipange kwa rangi na kwa unene. Unene una umuhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa maana kigae kinene kikikaa kando ya chembamba huacha ncha inayojitokeza, na ncha hiyo siku moja itamkata mtoto. Zile kingo kali zisugue kwa jiwe la kunolea ukiwa umezilowesha maji, ili vumbi lisiruke. Vigae vya udongo usiong'arishwa vizamishe kwenye maji kwa muda kabla ya kuvibandika, kwa sababu vikiwa vikavu hufyonza maji ya mota, na mota iliyofyonzwa maji haishiki, hata ukiisukuma kwa nguvu namna gani. Changanya kipimo kimoja cha saruji kwa vitatu vya mchanga uliooshwa na kuchekechwa, uifanye nzito, isiwe uji. Changanya kidogo kidogo, kiasi utakachokimaliza ndani ya saa moja. Wengi wetu hukosea hapo, tunajaza beseni zima kisha tunakimbizana nalo, na vigae vya mwisho hubandikwa kwenye kitu ambacho kimekwisha kuwa jiwe.

Acha nafasi ndogo kati ya kigae na kigae. Kesho yake jaza nafasi hizo kwa mota laini, kisha pangusa nyuso za vigae kwa kitambaa chenye unyevu kabla saruji haijakauka juu yake. Halafu, mama, ifunike kazi yako kwa gunia lililoloweshwa maji, uliloweshe kila siku kwa wiki nzima. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, hupata nguvu kwa kukaa na maji, na kazi nyingi nzuri za nyumbani hupasuka kwa sababu mwenye kazi aliiacha juani siku ile ile. Ukifika wakati wa kiunzi cha chuma, hakikisha chuma chote kimezama ndani ya zege kwa kina cha vidole viwili. Kutu hupanua chuma, na chuma kikipanuka hupasua zege kutoka ndani.

Kuhusu kujihadhari, tunakuomba sana uvae glavu, kwa kuwa saruji mbichi huchoma ngozi polepole bila kukupa taarifa, na uvae miwani ya kazi kila unapovunja au kusugua kitu. Tuna sababu ya kulisisitiza hili. Huko Nieu-Bethesda, kijiji kilicho katika ukame wa Karoo nchini Afrika Kusini, aliishi mwanamke aitwaye Helen Martins, aliyezaliwa mwaka 1897. Alipokuwa amekwisha kuwa mtu mzima aliamua kuigeuza nyumba yake na ua wake kuwa ulimwengu wa nuru. Kuta za ndani alizipaka vioo vilivyosagwa, ili mwanga wa mshumaa ulipoziangukia zimetemete, na ua wake akaujaza bundi, ngamia na mahujaji wa saruji, wengi wao wakielekea mashariki. Katika sanamu hizo alisaidiwa kwa miaka mingi na Koos Malgas, ambaye mikono yake ndiyo iliyozifinyanga nyingi kati yake, na ni haki jina lake litajwe kila linapotajwa la Helen. Lakini ile kazi ya kusaga vioo, miaka nenda miaka rudi, iliyadhuru macho ya Helen vibaya, na alifariki mwaka 1976 akiwa anapoteza kuona. Nyumba yake, inayojulikana kama Nyumba ya Bundi, leo ni makumbusho. Mtu aliyetamani nuru kiasi kile hakustahili kuipoteza kwa vumbi la kioo.

Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Ninasoma sanaa mwaka wa pili. Nilipoonyesha picha yenu darasani, mwenzangu alisema hiyo ni kazi ya mikono tu, wala si sanaa, kwa sababu aliyeifanya hakujua kanuni na alikuwa anabahatisha. Je, kuna wengine kama yeye, au ni kisa kimoja cha ajabu? — Mwanafunzi

Marahaba. Wapo wengi, na ukiwaweka pamoja hoja ya kubahatisha inakosa miguu ya kusimamia.

Ufaransa, katika kijiji cha Hauterives, kulikuwa na tarishi aitwaye Ferdinand Cheval. Mwaka 1879, akiwa kwenye mzunguko wake wa kupeleka barua kwa miguu, alijikwaa kwenye jiwe lenye umbo lililomshangaza, akalitia mfukoni. Kesho yake akarudi kutafuta mengine. Alianza kuyabeba mfukoni, kisha kwa kikapu, kisha kwa toroli, na kwa miaka 33 akajenga kasri katika bustani yake, lenye urefu wa mita 26, minara, mapango, wanyama na ngazi. Mwaka 1969 serikali ya Ufaransa ililiandikisha kuwa mnara wa kihistoria. Kule Los Angeles, Marekani, mhamiaji kutoka Italia aitwaye Simon Rodia alianza mwaka 1921 kusimamisha minara ya chuma na saruji kwenye kiwanja chake cha pembe tatu katika eneo la Watts, akaivika vigae, kauri, makombe ya baharini na chupa, hadi mwaka 1954. Hiyo nayo ni miaka 33. Mnara mrefu kuliko yote unafika karibu mita 30.

Hao wote hawakujuana. Cheval alifariki mwaka 1924, mwaka ambao Nek Chand alizaliwa. Hata hivyo wote watatu waliokota vilivyotupwa au kupuuzwa, wote walifanya kazi baada ya saa za ajira, na wote walifika kwenye saruji kwa sababu ni kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukichanganya mwenyewe kwenye ndoo na kukipandisha ngazi.

Kuhusu kanuni, mwambie mwenzako habari ya mwaka 1959. Maofisa wa mji wa Los Angeles walisema minara ya Rodia ni hatari, imejengwa na mtu asiyejua uhandisi, ibomolewe. Waliotaka kuiokoa wakakubali ipimwe. Mnara ukafungwa nyaya na kuvutwa kwa nguvu sawa na uzito wa ratili 10,000, yaani kilo zipatazo 4,500, mbele ya macho ya watu. Mnara haukutikisika, na kilichopinda kilikuwa kile chombo kilichouvuta. Mtu anayebahatisha hatoi kitu cha namna hiyo. Rodia alikuwa fundi wa ujenzi, Nek Chand alikuwa mtu wa barabara, Cheval alijua kila jiwe la njia yake. Walikuwa na elimu, ila haikutolewa darasani, na ninyi mnaosoma darasani mtafanya vyema kwenda kuisoma, kwa mfano kwa kuhesabu jinsi Nek Chand anavyorudia umbo moja mara mia na kubadilisha tu mwinuko wa mkono au mwelekeo wa uso, ili umati wake uwe umati wa kweli wala usiwe gwaride.

Mhariri, mimi ni mtumishi wa idara ya mipango miji. Sitaki kuonekana mchoyo wa sifa, lakini mtu huyu alivamia ardhi ya umma, tena akiwa mtumishi wa serikali, na mwisho akapewa nishani. Mnafundisha nini? Na baada ya kupewa cheo, je, bustani imekaa salama? — Mtumishi wa umma

Ndugu, umeuliza kwa uungwana na tutakujibu hivyo hivyo. Ni kweli alivunja sheria, na yeye mwenyewe alijua, la sivyo asingejificha. Sheria ya kuhifadhi ardhi ya wazi ni sheria njema, na kila anayejimegea kipande chake angeweza kudai kuwa ana maono. Lakini tazama alichokifanya kwenye ardhi hiyo. Hakuikata viwanja, hakuiuza wala hakuishi humo. Aliijaza vitu ambavyo mji wenyewe ulikuwa umevitupa, na ilipogunduliwa ikawa mali ya umma mara moja, bila fidia. Nadhani maofisa wa Chandigarh walifanya uamuzi wa busara. Tungependa kuwa na maofisa wa aina hiyo wengi zaidi, wanaojua sheria waliyoikabidhiwa ililenga kulinda nini.

Kuhusu usalama wa bustani, habari si njema zote. Mnamo mwaka 1990 matingatinga yalifika kupitisha barabara ndani ya eneo la bustani, na wakazi wa mji wakashikana mikono wakayazuia. Mwaka 1996, Nek Chand akiwa safarini Marekani, mji uliondoa wafanyakazi na fedha, na bila walinzi watu wakaingia na kuvunja sanamu. Alirudi akakuta uharibifu. Baada ya hapo chama cha bustani kilichukua jukumu la kuitunza, na kutoka Uingereza wafadhili na watu wa kujitolea wakaja kusaidia kuzirekebisha. Mwaka 2025, miaka kumi baada ya kifo chake, sehemu ya ukuta wa bustani ilibomolewa ili kupisha upanuzi wa barabara na maegesho upande wa Mahakama Kuu, na wakazi wengi walipinga kwa uchungu.

Hapo ndipo tunapokubaliana nawe kwa sehemu. Bustani iliyozaliwa nje ya ramani hubaki bila karatasi za kuitetea, na nishani haizuii tingatinga. Majengo ya serikali ya Le Corbusier, yaliyo jirani kabisa, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2016, kwa hiyo kila tofali lake lina mtu wa kuliandikia ripoti. Ikiwa una nafasi katika idara yako, kisha ukakuta mzee fulani amejaza ua wake sanamu za saruji, tafadhali mpelekee mpimaji na mpiga picha mapema, kabla ya mtu mwingine hajampelekea notisi. Kazi ya namna hii ikiandikwa kitaalamu wakati mwenyewe yu hai na anaweza kueleza alichanganya nini na nini, walio nyuma yake wataweza kuirekebisha. Kule Nieu-Bethesda ilikuwa bahati kubwa kwamba Koos Malgas alikuwapo bado, akarudi katika miaka ya 1990 kuzikarabati sanamu alizozifinyanga yeye mwenyewe. Si kila bustani inabaki na mtu wa aina hiyo.

Nina safari ya India mwakani, na nitafika Chandigarh kwa siku moja tu. Nitazame nini? — Msafiri

Usiingie kwa haraka. Milango ya ndani ni mifupi na vijia ni vyembamba, hivyo mtu mzima hulazimika kuinama na kupita peke yake, na Nek Chand alikusudia iwe hivyo. Kila uani utakapoibukia pana jamii nyingine ya sanamu, na watu wengi hupiga picha moja na kusonga mbele kuelekea kwenye maporomoko ya maji na bembea. Wewe chagua uwanja mmoja tu wa awamu ya kwanza, ile aliyoijenga wakati wa siri, ukae humo nusu saa. Sanamu za hapo ni ndogo na hazijanyooka sana kama zile zilizofuata alipopata vibarua, lakini zote ni za mkono wake.

Tafuta wanyama waliosimama kundi zima. Chuchumaa usawa wa miguu yao, mahali ambapo saruji imelika kidogo kwa mvua za miaka mingi, na huenda ukaona bomba jembamba la chuma likichungulia, na juu yake, pale miguu miwili inapokutana, ule mviringo mpana ambapo zamani gurudumu la baiskeli lilikuwa likizunguka.